Uso si sufuria

(Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari. Tumeyachapa kama alivyoyasema, ili nawe uliyekuwa mbali siku ile uyapate.)

  

Naona wengine mmekaa mbele mnacheka, na wengine mmekaa nyuma mmeinamisha vichwa. Huyo aliyejifunika mkono shavuni, mdogo wangu, shusha mkono. Mimi nilikaa hapo hapo ulipokaa, na shavu langu nililifunika hivyo hivyo.

Leo nataka tuzungumzie kusugua uso. Najua utasema, "Dada amekuja na gari la mradi kutoka mjini kutuambia habari za kunawa?" Jambo linaonekana dogo kweli. Si malaria, si UKIMWI. Lakini nimeona wasichana na wavulana wengi wakiharibu nyuso zao kwa kusugua, na wa kwanza kumwona nilimwona kwenye kioo.

WALINIITA KOKOTO

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Chunusi zilinijaa mashavuni na kwenye paji la uso. Wavulana wa darasa letu wakanipa jina: Kokoto. Mchana nilicheka nao. Usiku nililia ndani ya chandarua, kimya kimya, wenzangu wasisikie.

Mahafali ya kidato cha nne yakakaribia, na mimi nilichaguliwa kuongoza ngonjera mbele ya wazazi. Jioni moja kabla ya siku yenyewe, rafiki yangu wa bwenini akanipa ushauri. "Hizo chunusi ni uchafu," akasema. "Sugua utoe ngozi ya zamani, mpya itoke." Alisema kwa wema kabisa, simlaumu. Yeye naye aliambiwa.

Basi nikachukua jiwe la kusugulia miguu, sabuni ya kufulia, chumvi tuliyoomba jikoni, na ndimu mbili. Nikasugua. Uso ulipowasha nikadhani dawa inafanya kazi. Nikasugua zaidi. Niliacha nilipoona maji ya beseni yamekuwa mekundu.

Kesho yake mashavu yalikuwa yamevimba na kung'aa, kama mtu aliyemwagiwa chai ya moto. Asubuhi yote tulipanga viti uwanjani, juani. Ngonjera niliiongoza, lakini nilijitanda khanga hadi puani, na mama yangu aliyekuja kunisikiliza hakunitambua.

Baada ya wiki mbili magamba yakatoka. Chini yake kulikuwa na mabaka mawili meusi, kila shavu lake. Na chunusi? Zilikuwepo vilevile.

Chunusi moja ya kawaida hukaa siku kadhaa, au wiki moja na kitu, ikaisha. Yale mabaka yalikaa zaidi ya mwaka mmoja. Fanya hesabu mwenyewe uone kama nilipata faida.

Likizo nilikwenda kwa bibi, Tanga. Alinikuta ameketi uani anasugua sufuria kwa dodoki na majivu. Akanitazama uso kwa muda mrefu. Kisha akainua ile sufuria akasema, "Mjukuu wangu, hii ndiyo sufuria. Uso si sufuria." Hakuongeza neno. Maana yake niliielewa vizuri miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilipojifunza jinsi ngozi inavyofanya kazi.

NGOZI HUJIBAMBUA YENYEWE

Umewahi kuutazama mti wa mpera? Gome lake la nje hubambuka lenyewe, vipande vyembamba vyembamba, na chini yake shina ni laini. Hakuna anayekwenda kuubambua kwa panga. Ukiubambua kwa panga, utaukata.

Ngozi yako ni hivyo hivyo. Tabaka la juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa, zimepangana kama vigae juu ya paa. Zimekufa, lakini zina kazi: zinazuia maji ya mwili yasitoke ovyo, na zinazuia vijidudu visiingie. Chini yake seli mpya huzaliwa kila siku. Zinapanda juu polepole, zinakufa, zinakaa kazini kwa muda, halafu zinapukutika. Kwa kijana kama wewe, safari hiyo yote huchukua kama wiki nne. Yaani kila mwezi unapata uso mpya bila kulipa hata senti.

Sasa sikiliza. Tabaka hilo la vigae usoni ni jembamba kuliko karatasi ya daftari lako. Nyayoni ni nene mara nyingi zaidi. Ndiyo maana jiwe ni la nyayo. Ukilipeleka usoni, unavua paa lote kisha unaanza kuchimba ukuta.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi. Rangi yetu hutoka kwenye melanini, na melanini ni kinga yetu dhidi ya jua. Ngozi nyeusi ikiumizwa, kwa moto, kwa kukwaruzwa au kwa kuminywa chunusi, seli zinazotengeneza melanini huamka na kumwaga rangi nyingi mahali pale. Hapo ndipo baka linapotokea. Mara nyingi huchukua miezi kufifia. Kwa hiyo anayesugua kwa nguvu ili uso utakate anajitafutia madoa kwa mkono wake mwenyewe.

CHUNUSI SI UCHAFU

Neno hili ningependa uliandike kwenye daftari. Chunusi si uchafu.

Unapobalehe, homoni huviamsha vifuko vidogo vya mafuta vilivyo chini ya ngozi, hasa usoni, kifuani na mgongoni. Mafuta yakizidi, na seli zilizokufa zikiganda kwenye kitundu, kitundu kinaziba. Bakteria ambao siku zote huishi kwenye ngozi huzaana humo ndani. Mwili unapambana nao, pale mahali panavimba. Hiyo ndiyo chunusi. Chanzo chake kipo ndani ya ngozi, jiwe na chumvi haviwezi kukifikia. Vinachofanya ni kupasua chunusi na kuongeza uvimbe.

Tena si kweli kwamba mwenye chunusi ni mchafu, au ana tamaa za mapenzi, au akilala na mtu zitaisha. Uongo huo nimeusikia katika shule nyingi, na kuna mabinti wamedanganywa nao. Ngono haiponyi chunusi. Anayekuambia hivyo anatafuta lake.

NA NDIMU JE?

Waliosoma kemia, nisaidieni. Kipimo cha pH kikishuka kwa namba moja, asidi imeongezeka mara ngapi? Mara kumi, ahsante. Ngozi yenye afya ina pH kama 5. Maji ya ndimu au limau yana pH kama 2. Tofauti ni hatua tatu: kumi mara kumi mara kumi. Ndimu ina asidi mara 1,000 kuliko ngozi yako inavyopenda. Sabuni ya kufulia nayo inakwenda upande wa pili, pH yake hufika 9 au 10, hata zaidi. Mimi usiku ule nilitumia vyote viwili!

Ndimu ina hila nyingine. Maji ya ganda lake yana kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huunguza. Mtu anakamua ndimu, anakwenda juani, na baada ya siku moja au mbili anaona malengelenge au mabaka meusi. Sasa kumbuka mimi na vile viti vya mahafali.

Kwa hiyo acha kabisa vitu hivi usoni: jiwe, dodoki gumu, mchanga, majivu, chumvi, sukari ya chembe kubwa, sabuni ya kufulia, dawa ya meno, ndimu na magadi. Hata kama umeviona kwenye video ya simu, na dada wa kwenye video uso wake unang'aa kama kioo. Taa na kamera hung'arisha pia.

UKITAKA KUSUGUA, SUGUA HIVI

Je, kusugua ni haramu? Hapana. Bibi zetu wa pwani wamejisinga kwa singo na liwa miaka na miaka, na ngozi zao unaziona. Lakini tazama walivyofanya. Liwa husagwa ikawa laini, hulowekwa, hupakwa kwa kiganja, na mwenye kusinga hana haraka. Hakuna aliyemsinga bibi harusi kwa jiwe la miguu!

Basi, kama ngozi yako ni nzima na unaiona imefifia au ina ukavu juu juu, fanya hivi, mara moja kwa wiki. Mara mbili ndiyo mwisho.

1. Fanya jioni, si asubuhi kabla ya kusimama mstarini juani.

2. Nawa mikono kwanza. Kata kucha.

3. Lowesha uso kwa maji ya uvuguvugu au ya kawaida. Si ya moto. Osha kwa sabuni ya kuogea isiyo kali, kwa ncha za vidole, bila kucha.

4. Chukua kitambaa laini cha pamba, safi, kilicholowa. Kiwe chako peke yako. Pitisha usoni kwa miduara midogo, polepole, kwa sekunde 30 hivi. Nguvu iwe ile unayotumia kumpangusa mtoto mchanga. Usiguse kope wala midomo.

5. Suuza kwa maji mengi. Kausha kwa kugandamiza taulo taratibu, usifikiche.

6. Paka mafuta au losheni nyepesi wakati ngozi ina unyevu bado. Kama una chunusi, mafuta mazito kama ya nazi usiyapake usoni, huziba vitundu. Yapake miguuni na mikononi.

7. Fua kitambaa kwa sabuni na ukianike juani. Kitambaa kinacholala kimelowa kwenye ndoo bwenini ni nyumba ya vijidudu.

Ukitaka liwa, hakikisha ni liwa tupu iliyosagwa laini, si unga uliochanganywa na vitu usivyovijua. Jaribu kidogo kwanza upande wa ndani wa kiwiko na usubiri siku moja. Pakiwasha au kutoa vipele, iache.

Kumbuka alama hizi za hatari: uso kuwaka, kuwa mwekundu au mweusi ghafla, kubana, kutoa magamba. Ukiona hata moja, acha kusugua. Nawa kwa maji na sabuni laini tu mpaka ngozi itulie. Kuwasha si dalili ya dawa kufanya kazi. Kuwasha ni ngozi inalia.

NANI ASISUGUE?

Usisugue kama una chunusi zilizovimba au zenye usaha, kidonda, malengelenge ya midomoni, ngozi iliyoungua, au ukurutu. Usisugue kama una fangasi usoni: hawatoki kwa kusuguliwa, wanataka dawa. Usisugue siku uliyonyoa ndevu. Usisugue kama unatumia dawa ya chunusi, mpaka uulize, kwa sababu dawa nyingi za chunusi tayari zinabambua ngozi. Na ndugu zetu wenye ualbino, ngozi yenu haina melanini ya kutosha kuikinga. Msiivue kinga kidogo iliyopo. Kofia, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua ndiyo mambo yenu.

MKOROGO UNAANZIA HAPA

Sasa nikueleze sehemu ya hadithi yangu ambayo kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Yale mabaka yalipogoma kutoka, nilichukua nauli yangu ya likizo nikaenda sokoni. Nikanunua krimu ya kupimiwa, kwenye kikopo kisicho na jina. Muuzaji alichanganya ya kopo hili na ya kopo lile, akakoroga kwa kijiti. Wiki ya kwanza uso ukawa laini. Nikafurahi sana! Wiki ya nne nikawa siwezi kukaa karibu na jiko, uso unawaka. Nilipoacha, chunusi zilirudi nyingi kuliko mwanzo.

Nikaenda zahanati. Muuguzi hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu: "Ndani ya hicho kikopo mlikuwa na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejipaka usoni kwa mwezi mzima kitu nisichojua hata jina lake.

Wengi huingia kwenye mkorogo kwa njia hiyo hiyo. Hawaanzi kwa kutaka weupe. Wanaanza kwa kusugua, wanapata baka, wanatafuta cha kufuta baka. Mara nyingi mikorogo hiyo huwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Zebaki hupenya kwenye ngozi, hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Steroidi zikipakwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba na kuleta chunusi zake zenyewe. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuacha weusi usiotoka. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 kazi ya kudhibiti vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Dunia nayo ilikubaliana kuhusu zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Lakini sheria haikai ndani ya kikopo kisicho na lebo. Hapo mlinzi ni wewe.

MASWALI YA WANAFUNZI

"Dada, mbona rafiki yangu anasugua kila siku na uso wake ni safi?"

Ngozi hazifanani, mdogo wangu. Mwenzako anaweza kuwa na ngozi isiyo na mafuta mengi, na angekuwa safi hata bila kusugua. Usikope dawa ya mtu mwingine kama unavyokopa kalamu.

"Mimi ni mvulana. Nikinyoa napata vipele shingoni. Nivisugue?"

Hapana. Vile vipele mara nyingi ni ndevu zilizojikunja zikarudi ndani ya ngozi. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu kwanza, tumia povu, nyoa kufuata zinakoelekea, na usinyoe hadi chini kabisa. Ukiweza, ziache siku kadhaa zipumue. Wembe ni wako peke yako. Kushirikiana wembe kunaweza kukuletea homa ya ini, hata VVU.

"Chunusi zangu zinauma na zinaacha mashimo. Nifanyeje?"

Usiziminye, na usingoje. Nenda kituo cha afya mapema, kwa sababu makovu ya mashimo ni magumu kuyaondoa. Kwa chunusi za kawaida, duka la dawa lenye kibali lina dawa yenye benzoili peroksaidi. Mweleze mtaalamu, anza na nguvu ndogo, asilimia 2.5 au 5, paka kidogo usiku. Hufifisha rangi ya taulo na foronya, kwa hiyo usishangae. Na uwe na subira: dawa ya chunusi huhitaji wiki sita hadi nane kuonyesha kazi. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haifai.

"Sina hela ya losheni wala dawa. Nifanye nini?"

Nawa uso mara mbili kwa siku, na baada ya michezo, kwa maji na sabuni laini ya kuogea. Usiminye. Usiguseguse. Badilisha foronya, au igeuze na kuilaza upande safi. Ngozi yenyewe itafanya mengine. Hiyo haihitaji hela.

NENO LA MWISHO

Wadogo zangu, mabaka yangu yalififia. Mkinitazama leo hamyaoni, isipokuwa huyu aliye karibu sana, naye ana adabu hatasema. Nilichelewa kupona kwa sababu kila mara nilitafuta kitu cha nguvu zaidi. Uso ulikuwa unaomba kuachwa.

Na wewe unayemwita mwenzako Kokoto, au Paja la Kuku, au lolote mnaloitana siku hizi, nina ombi moja. Acha leo. Wewe unacheka dakika moja ukasahau. Mwenzako anaondoka na lile jina mpaka bwenini, na usiku huo huo anatafuta jiwe. Kama rafiki yangu mmoja tu angeniambia, "Zitaisha, twende tukanywe uji," nisingesugua.

Mwambie mwenzako maneno hayo. Kisha mwende mkanywe uji.